Dumu Nililolilaza Ubavu

Hakuna kitu cha uwanja wa ndege kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya yeyote, msomi na asiye msomi. Nimeona mbuzi akishuka ndegeni ametulia kuliko mheshimiwa aliyemfuata. Nimeona wafiwa wakiondoka na mwavuli, jeneza wakalisahau. Nimeona bibi wa Ujiji akikataa mkanda wa kiti kwa sababu, alisema, yeye si mfungwa. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka hamsini na mitano, elimu yangu darasa la nne la Kalinzi, na hakuna ndege niliyoipakia mimi ikaanguka. Hakuna hata moja. Kuna moja ilitaka.

Nyinyi vijana wa mizigo mlinipa daftari na kalamu siku ya kuniaga. Nadhani mlitaka nipunguze kuongea. Basi naandika, na naandika nimesimama, daftari juu ya friji, maana kukaa sijakuzoea. Vyeo sitavitaja, mnavijua, na msivyovijua mke wangu Skola atawasimulia. Nataka kuandika kazi yenyewe.

Nilishuka mjini Kigoma kutoka Kalinzi kwa miguu, nimechoka kubeba kahawa ya watu kwenye vijia vya milimani. Nikabeba magunia sokoni Mwanga. Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Wengine walivuka ziwa kwa maboti, wengine waliteremka Manyovu na magodoro vichwani, na kila siku uwanja wetu wa changarawe ukawa na ndege ya unga, ya dawa, ya mablanketi. Walitaka watu wenye mabega. Mimi nilikuwa na mabega. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo, ilikuwa na ndege moja ya pangaboi mbili, na ilishakufa zamani, kwa hiyo jina lake litulie.

Siku ya kwanza niliikalisha ndege kitako.

Sikufanya kwa ubaya. Mlango wa mizigo ulikuwa nyuma. Nikaona watu wanapanda na gunia moja moja, wanalisukuma hadi mbele, wanarudi. Nikasema huu ni uvivu. Nikapanga magunia kumi na mawili pale pale mlangoni, haraka, niwaonyeshe kazi ya mtu wa Kalinzi. Ndege ikainua pua polepole, kama ng'ombe anayenusa mvua, ikakaa. Mkia chini, gurudumu la mbele hewani.

Alikuwapo mama mmoja kivulini mwa bawa, amekaa kwenye kigoda mbele ya mizani ya kupimia dagaa. Huyo ndiye Mama Zubeda, Mmanyema wa Ujiji, mwandishi wetu wa uzito. Kampuni ilikuwa imeahidi mizani ya kisasa, haikuja, akaleta ya kwake aliyokuwa akiuzia dagaa Kibirizi. Hakusimama. Alimaliza kuandika alichokuwa akiandika, akafunika kalamu.

"Mkalinzi, umeikalisha," alisema. "Sasa iambie inyanyuke."

Makuli walicheka mpaka wengine wakalala kwenye changarawe. Tuliishusha mizigo yote, ikasimama. Ndipo akanionyesha gongo la mkia, mti wa kimo cha mtu wenye kipande cha tairi kileleni, unaosimikwa chini ya mkia kabla hujapakia chochote. Siku hiyo lilikuwa limelala pembeni, nami nililikalia wakati wa chai. Leo mna gongo la chuma lenye rangi nyekundu. Lisimikeni. Kuna kijana mmoja kati yenu, simtaji, hulisahau kila Jumatatu.

Mama Zubeda ndiye aliyenifundisha hesabu ambayo darasa la nne halikufika. Aliushika mkono wa mizani, akaning'iniza jiwe la kilo moja karibu na katikati, mkono ukainama kidogo. Akalisogeza jiwe lile lile hadi ncha, mkono ukaanguka. "Kilo ni kilo hapa kwangu tu," akasema. "Ukiiingiza kwenye ndege inapata anwani. Usiniulize gunia lina uzito gani. Niulize limekaa wapi." Kwa hiyo tulipima kila kitu, na watu pia, mmoja mmoja, wamesimama kwenye ubao wa kuwekea magunia, akaandika uzito na safu ya kiti. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nalinyanyua gunia na kutaja kilo zake kabla ya mizani, na sikukosea kwa zaidi ya nusu kilo. Waulizeni waliokuwapo.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Mzee Nestori, Mrundi wa Rumonge. Huko kwao alikuwa mfunga mapipa. Mapipa ya mawese yaliyopanda maboti kuja huku kwetu yalifungwa na yeye, na alisema hakuna hata moja lililowahi kutumbukia ziwani. Alikuwa na miaka kama hamsini, mwembamba, vidole kama mizizi. Shingoni alivaa kibali cha kumruhusu kuishi mjini na kufanya kazi uwanjani. Kibali hicho kilimruhusu kukaa Mwanga, ambako mkewe alikuwa na cherehani ya kukodi barazani. Bila kibali, lori linawarudisha kambini wote wawili, na cherehani inabaki. Kila akiinama kufunga kamba alikitia kibali ndani ya shati kisije kikanaswa.

Mimi nilipanga magunia, yeye alifunga. Aliniita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi, nami nilimwamkia kila asubuhi, ingawa kikazi mimi nilikuwa juu yake kidogo, na nilihakikisha analijua hilo. Akishamaliza fundo alilipiga kofi moja, kama unavyompiga mtoto mgongoni aende shule. Hakulitazama tena.

Mwalimu wa tatu alikuwa rubani, Kapteni Ombeni, mtu wa kutoka kaskazini, mpole, asiyependa mambo ya haraka. Tulikuwa tukishuka naye Kibirizi kula dagaa wabichi wa kukaanga, mahali wanawake wanapoanika dagaa mchangani na mwewe wanazunguka juu kuwaiba. Wale mwewe nilianza kuwatazama kwa makini. Mwewe anashuka, anakwapua, anakunja kona kati ya kamba za nguo na mtu mwenye fagio, na anachokikunja ni mkia. Anaupindua ubavu, kama mtu anayegeuza mkono kuangalia saa. Nikaona pia furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, akibeba samaki mrefu. Hambebi akining'inia ovyo. Humvuta tumboni, kichwa cha samaki kikielekea mbele pamoja naye. Akibeba mzito kupita kiasi hawezi kupanda, anaburuta juu ya maji mpaka ufukweni. Na popo wakubwa wanaotoka jioni, jike mwenye mtoto humbeba kifuani, katikati ya mabawa, hata siku moja si mkiani. Nikamwambia Kapteni kwamba viumbe hawa wote wamesoma kwa Mama Zubeda.

Nikambana na swali. Ndege yake ina pezi limesimama wima mkiani. Mwewe hana. Mbona mwewe anapinda kona vizuri kuliko yeye?

Kapteni alitafuna kwanza, kama kawaida yake. "Mwewe hana pezi, kwa hiyo hatulii," akasema. "Kila nukta anajirekebisha, bawa hili kidogo, mkia kidogo, kama wewe kwenye baiskeli. Akiacha kujirekebisha anaanguka. Yangu imetengenezwa ijinyooshe yenyewe hata nikishika kikombe cha chai. Pua inataka kuinama, mkia unakandamiza chini kuizuia, wanavutana, na kuvutana huko ndiyo amani yake. Sharti ni moja tu. Uzito ukae mbele kidogo."

"Na ukirudi nyuma?"

"Inakuwa mwewe. Na mimi si mwewe, Gervas."

Nililipenda jibu hilo, nikalirudia kwa watu kama langu. Nililipenda pia kwa sababu nyingine. Mimi mwenyewe sijawahi kutulia. Skola husema nikilala miguu inaendelea kutembea. Nikajiona mwewe, basi, na nikaona wenzangu wote wamefungwa mapezi.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nimeliacha daftari hili mara tatu kabla ya kuianza.

Skola ni mtu wa Kibondo. Baba yake, mzee mwenye shamba kubwa na maneno makubwa zaidi, aliwahi kusema mbele ya wajomba zetu siku ya mahari kwamba binti yake hakuolewa na mtu, ameolewa na bega. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nikakaa na neno hilo miaka minne. Basi Kapteni akasema safari ya Kibondo wiki ile inahitaji mtu mmoja wa kushusha mizigo upande wa pili, na kiti kipo. Nikajiteua. Baba mkwe alitumiwa salamu aje uwanjani. Bega litashuka kutoka angani.

Lakini mkwe hatoki Kigoma mikono mitupu. Hilo hata mtoto analijua. Ukienda ukweni kutoka huku unabeba dagaa na mawese, na mimi nilinunua dumu zima la mawese, lita ishirini, mekundu, ya Ujiji. Halikuwa na kifuniko kizuri. Mwuzaji aliziba mdomo kwa jani la mgomba, akazungushia nailoni, akalifunga kwa uzi wa kiroba, jinsi wanavyofanya siku zote, na likiwa limesimama haliwezi kumwagika. Likiwa limesimama.

Mama Zubeda alikuwa na sheria kwamba mafuta ya aina yoyote hayaingii ndegeni bila pipa la chuma. Angelikataa, na angelikataa kwa sauti. Kwa hiyo Mzee Nestori alipomaliza kufunga magunia saa moja asubuhi, akapiga kofi lake na kwenda kunywa uji, nilipanda na dumu ndani ya blanketi. Mbele ya magunia hapakuwa na nafasi ya kulisimamisha bila kuonekana. Nikalilaza ubavu, nikalisukuma chini ya kamba, nikalifunika. Asubuhi mawese ni mazito kama uji uliolala. Halikutoa hata tone. Nikashuka, nikaenda kupimwa kama watu wengine. Kilo sitini na nne. Mama aliandika.

Tulikuwa abiria wanane. Wanawake wanne wa Kirundi waliokuwa wakipelekwa kuungana na waume zao kambi za huko, watoto wawili wakubwa, nesi mmoja jina lake Imakulata, na mimi. Nesi ndiye aliyetuchelewesha. Alifika saa nne, kisha akakataa kupanda kwenye ubao wa mizani. Alisema yeye si gunia la unga.

"Gunia halibishi," Mama Zubeda akamjibu, na akangoja na kalamu mkononi. Nesi akapanda. Kilo themanini na tisa, safu ya mwisho.

Saa zote hizo ndege ilikuwa juani. Nyinyi mnajua bati la ndege linavyokuwa kwenye jua la Kigoma. Mawese yaliyokuwa uji yakawa maji. Mimi nilikuwa nje namsimulia nesi habari za mwewe.

Tulikimbia kwenye changarawe, tukinyanyuka na kutetemeka, na nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili kwa sababu, niseme kweli, sikuwa nimewahi kuruka. Pua ikanyanyuka. Nikaona ziwa. Nikasikia nyuma yangu sauti ya kitu kizito kinachoteleza bila haraka, kama mtumbwi unaosukumwa majini. Nikageuka. Sakafu ya plaiwudi ilikuwa nyekundu na inang'aa. Kamba ya katani ilikuwa imelowa mawese, na fundo la Mzee Nestori, lile lililozuia mapipa ziwani, lilikuwa limefunguka taratibu kama mkono wa mtu aliyesinzia. Magunia sita yalikuwa yanakwenda mkiani.

Pua ikaendelea kupanda na hakuna aliyeiomba. King'ora cha hatari kule mbele kikaanza kulia. Niliweza kumwona Kapteni kwa uwazi wa mlango: usukani ulikuwa umesukumwa mbele mpaka mwisho, mikono yake imenyooka kabisa, na ndege haikumsikiliza. Ndege ilikuwa imekuwa mwewe.

Hapo sitajivuna, nitaeleza tu. Kichwani nilimwona Mama Zubeda akilisogeza jiwe kwenye mkono wa mizani. Magunia siwezi kuyarudisha, sakafu ni mafuta. Lakini watu wana miguu. Nikapiga kelele kwa Kiha, ambacho Warundi wanakisikia: "Muze imbere mwese!" Njooni mbele wote. Hawakuuliza. Watu waliokwisha kukimbia vita hawaulizi mara mbili. Walipanda juu ya viti, wakamburuta mtoto, wakajibana mgongoni kwa Kapteni. Nesi Imakulata, kutoka safu ya mwisho, alikuja kwa magoti na viwiko, akinikanyaga kichwa, na nilipohisi kilo themanini na tisa zinapita juu yangu kwenda mbele, nikahisi pua inainama. Kidogo. Kisha zaidi. King'ora kikanyamaza.  Kapteni alituchukua hivyo hivyo, watu wanane tumerundikana kama dagaa, mpaka Kibondo.

Nilishuka mbele ya baba mkwe nikiwa mwekundu toka kifuani mpaka magotini. Alidhani nimechinjwa. Nesi akamweleza yote pale pale, kwa sauti ya wodini, kwamba kijana huyu ametuokoa. Mzee yule akanikumbatia na mafuta yangu, mbele ya watu, shati jeupe na yote. Nimepewa mambo mengi maishani. Sijapewa kama hilo.

Ndipo Kapteni akatoka na dumu tupu mkononi, akauliza ni la nani.

Wanawake wakatazamana. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno, ukakosa. Baba mkwe alikuwa bado ameniwekea mkono begani. Kapteni akangoja, akaliweka chini, na ikawa hivyo: dumu halina mwenyewe.

Tuliporudi Kigoma meneja alikuwa ameshapata taarifa kwa redio, na alifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya. Mafuta ni mawese. Mfungaji wa kamba ni mtu wa Rumonge, kwa wenye mawese. Abiria ni watu wa kwao. Basi ametuma dumu kwa ndugu zake, na fundo amelifunga vibaya kwa haraka ya kulificha. Alimwita Mzee Nestori, akakichukua kibali shingoni mwake, akakipeleka ofisi ya vibali. Mzee Nestori, niliambiwa, hakujitetea. Aliuliza tu kama watoto wako salama. Kesho yake asubuhi lori likamchukua yeye na mkewe. Nilifika Mwanga nikaikuta cherehani barazani imefunikwa kanga.

Siku tisa. Kampuni ilinifanya shujaa. Meneja alileta wageni nikawasimulia, na kila nikisimulia pua ilipanda juu zaidi na nesi akaongezeka kilo. Nikimaliza nilikuwa natembea. Nilitembea uwanjani mpaka mwisho wa changarawe na kurudi, nilitembea mitaa ya Rusimbi usiku mpaka mbwa wakanizoea. Chakula nilikula nimesimama. Skola akaniuliza ninamkimbia nani. Nikapakia ndege kwa mikono yangu na kufunga kamba mwenyewe, na kila fundo nililifungua na kulifunga tena mara nne, tano, mpaka Kapteni akaniita akaniuliza kama naumwa.

Siku ya tisa Mama Zubeda alinisimamisha mbele ya mizani. Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Nestori alifunga saa moja. Nilikuwapo. Kamba ilikuwa kavu."

Nikasema labda wale kina mama.

"Kina mama niliwapima mimi, na vifurushi vyao nilivifungua mimi. Napima kinachopita mbele yangu, Gervas. Kilichopita nyuma yangu kina mwenyewe." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Aliniita Mkalinzi miaka yote, na hapo nikatamani aniite hivyo tena.

Nikaenda kwa meneja. Nilieleza nimesimama, kwa maneno kama ishirini, machache kuliko yote niliyowahi kusema katika ofisi ile. Hakupiga kelele. Alisema plaiwudi, kamba na mablanketi yaliyoharibika vitakatwa kwangu. Kuhusu Nestori, alisema, karatasi imeshatoka mikononi mwake, na anayetaka irudi aifuate mwenyewe.

Nilikwenda kambini, upande wa Kasulu, nusu ya njia kwenye lori la mkaa. Nilimkuta Mzee Nestori ameketi kwenye jiwe mbele ya hema la turubai. Upepo ulikuwa unalipigapiga lile turubai, kona moja imefunguka. Jirani yake, kijana tu, alikuwa anahangaika kuifunga kwa fundo la ajabu ajabu, na mzee anatazama, mikono ameikalia. Mkewe akanisogezea ndoo nikae. Sikukaa.

Nikamwamkia. Nikamwambia dumu ni langu.

Aligeuza uso kutoka kwa yule kijana.

"Kamba ililowa?" akauliza.

"Ililowa yote, Mzee."

"Kabla fundo halijafunguka, au baada?"

Nikamwambia kabla. Akanitazama, akaitoa mikono chini ya mapaja, akaitazama nayo. Mkewe ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, huku akigeukia kwingine. Tangu siku ile mumewe hajafunga kitu. Si turubai, si mzigo wa kuni, si hata kiatu. Alikuwa amesema mikono yake imezeeka na imetaka kuua watoto wa watu, na haina ruhusa tena.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeandaa na majibu. Badala yake nikarudia kwamba kosa ni la mafuta yangu, si la mikono yake, na maneno hayakumtosha, niliona. Aliitikia tu "ego, ego", ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Alidhani namfariji.

Basi nikaenda kwenye soko la kambi, nikanunua chupa ya mawese na kamba mpya ya katani. Nikarudi, nikamwomba alifunge jiwe alilokuwa amelikalia. Alikataa. Nikamwambia mimi ndiye mkuu wake kazini, afunge. Akafunga, na fundo lilikuwa lile lile. Nikalivuta kwa nguvu zangu zote za Kalinzi, mguu kwenye jiwe, watoto wa jirani wakaja kunisaidia tukavuta wote. Halikwenda popote. Kisha nikafungua chupa, nikaimwagia kamba mafuta yote mpaka yakachuruzika kwenye vumbi, nikavuta tena peke yangu, kwa mkono mmoja. Likafunguka taratibu, kama mkono wa mtu aliyesinzia.

Mzee Nestori aliinama akaiokota ncha ya kamba. Akaifikicha kati ya vidole, akanusa. "Mawese," akasema. "Si mimi." Akainuka, akaenda kwenye kona ya turubai, akamsogeza yule kijana kwa kiwiko, akafungua fundo lake la ajabu na kufunga la kwake. Akalipiga kofi.

Kibali kilirudi baada ya safari mbili nyingine, picha nne za paspoti, na mabenchi ya ofisi ya vibali ambayo kwa mara ya kwanza maishani nilijifunza kuyakalia. Cherehani ilikuwa imekodishwa kwa mtu mwingine, na mkewe akasubiri miezi kupata nyingine. Hilo sikuweza kulinunua. Alinifungia magunia mpaka amani ilipomrudisha Rumonge. Baba mkwe nilimweleza ukweli mwaka uliofuata. Aliufikiria, akasema sasa nimekuwa mtu.

Mkinisimulia kwa wageni, vijana, simulieni na hili. Na kwa wale kati yenu wanaopenda kujua kila kitu kwa kilo na kwa shilingi: makato ya kampuni, nauli zangu zote za kambini, nauli ya Mzee Nestori kurudi mjini, picha zake, kamba ile, na chupa ya mawese niliyoimwaga mwenyewe mbele yake, vilinigharimu shilingi laki moja, elfu kumi na sita, mia tatu na hamsini.